Kilo Mia Mbili na Arobaini

Mtihani ule nilianguka kwa swali la kwanza.
Mwalimu Hoekstra alichora sanduku linaning'inia,
mshale mmoja chini, mwingine juu,
urefu ule ule, kama mapacha waliogombana.
"Eleza kinachotokea."
Nikaandika: Hakuna.
Akanichorea yai jekundu.

Leo ni Novemba, Amsterdam, ukingoni mwa Brouwersgracht,
na sanduku langu ni piano.

Ngazi za nyumba hizi ni nyembamba kama koo la chupa,
jeneza husimama wima ndipo lipite;
piano haipiti hata ikisimama.
Ndiyo maana kila paa limetoa pembe ya boriti,
kwenye pembe ndoano, kwenye ndoano makapi,
na uso wa nyumba umeinamia barabara kwa makusudi,
kama mtu asiyesikia vizuri,
ili kinachoshuka kisikwaruze madirisha.

Wubbo yuko mbele kwenye kamba, mimi katikati,
nyuma yangu Sietse na pipi yake nyeusi ya chumvi.
Makapi yanapunguza mzigo,
hayausamehe.

"Shikilieni!"
Bi Tjitske amekumbuka ufunguo wa kifuniko.
Yumo ndani anapekua makabati,
na piano imebaki hewani, chini kidogo ya ghorofa ya tatu.
Haipandi. Haishuki.
Mwendesha baiskeli akapita, akatazama juu,
akaona kitu kimetulia, akaenda zake.

Lau angetazama shingo ya Wubbo!
Lau angeviona viganja vyangu vinavyoungua bila moshi,
magoti ya Sietse yakigongana.
Dunia inavuta. Sisi tunavuta.
Utulivu ule ulikuwa ugomvi uliotoshana nguvu,
sare isiyo na kipenga cha mwisho.

Ndipo likanijia, miaka minne baada ya lile yai:
mwalimu hakuuliza kama sanduku limekwenda.
Aliuliza nani anatoka jasho.

Dirisha la ghorofa ya pili likafunguka.
Bi Tjitske, miaka themanini na mmoja, mifupa ya kuku,
akanyoosha mkono, akafunga kifuniko
ambacho hakijafunguliwa tangu Bauke alazwe,
kisha akaisukuma piano kwa kidole.
Kimoja.
Juu na chini tulikuwa tumelipana hadi senti,
lakini ubavuni hapakuwa na mlinzi.
Ikageuka, polepole mno,
kama ng'ombe aliyeitwa kwa jina lake.

"Legezeni," Wubbo akasema. "Unywele tu."
Tukalegeza unywele,
na kwa unywele huo dunia ikatushinda: piano ikaanza kushuka.
"Basi! Mwendo huohuo, msiuongeze."
Na hapa natamani Hoekstra angekuwepo,
kwa maana ilikuwa inashuka, naapa, dirisha baada ya dirisha,
na hakuna aliyekuwa anashinda.
Uzito chini, kamba juu, mapacha wale wale,
nayo inakwenda kwa kuwa ilikwisha kuanza
na hatukuwa na la kuikataza.

Ilipogusa sakafu ya lori, mpinzani wetu akatoweka.
Sote watatu tukaenda kinyumenyume,
Sietse akakaa kwenye baiskeli ya jirani,
kama wasukuma mlango ambao haukufungwa.
Tulicheka mpaka bata wakaruka mferejini.

Kisha nikatazama juu.
Alikuwa pale dirishani, mikono kwenye fremu,
hatikisiki, hata kope.
Mpita njia angesema mama anapunga hewa.
Mimi nikaanza kuitafuta mishale,
wa kwenda chini kwanza, huo ulionekana,
halafu ule mwingine, ambao sikujua ameufunga wapi.

Alituletea kahawa mwenyewe, ngazi zote zile.
Vidole vyangu vilikuwa bado vimekunja umbo la kamba,
vilikataa kunyooka;
nikakipokea kikombe kwa vifundo vya mikono miwili,
naye akakishikilia upande wa pili
mpaka alipoona nimekimudu.